SOMO KWA WANANCHI NA WATUMISHI: KUCHAGUA UMBO LA UBAO WA UJAZO MDOGO KATIKA MCHEZO WA BAWA NA FOILI

Wananchi wanaoishi pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Michamvi na Bwejuu hadi Paje, Jambiani na Makunduchi, wamekwisha kuzoea kuwaona wachezaji wa tiara wakikata maji upande wa ndani wa mwamba. Katika miaka ya karibuni wameongezeka wachezaji wa aina nyingine. Mchezaji wa aina hii husimama juu ya ubao, akashika kwa mikono miwili bawa la kitambaa lililojazwa hewa, na baada ya mwendo mfupi ubao wake hunyanyuka na kuyaacha maji kabisa. Bawa hili la kujazwa hewa lilianza kuuzwa madukani mwaka 2019, na tangu hapo mchezo umeenea katika pwani nyingi zenye upepo wa kuaminika, yetu ikiwa mojawapo.

Somo hili linawahusu wale ambao wamekwisha kujifunza kusimama na kuruka kwa ubao wa kukodi au wa kuazima, na ambao sasa wanataka kununua wa kwao. Hapo ndipo fedha zinapopotea. Ubao mpya ni ghali kuliko mshahara wa mwezi wa watumishi walio wengi, hivyo basi mwananchi wa kawaida hutafuta uliokwisha tumika, na muuzaji aghalabu ni mgeni anayerejea kwao. Mgeni huyo mara nyingi ni mchezaji wa siku nyingi, na ubao aliokuja nao ni mdogo, kwa kuwa ubao mdogo ndio unaobebeka kwa urahisi kwenye ndege. Bei inapunguzwa, rangi zinavutia, na mnunuzi anaridhika. Baada ya wiki moja anagundua kwamba kila akipiga magoti juu ya ubao wake, unazama naye; na kwamba siku upepo ukipungua akiwa mbali, hawezi kusimama wala kurejea.

Kabla ya kuendelea ni vyema tukubaliane juu ya majina. Chombo kizima kina sehemu tatu. Ya kwanza ni bawa la mkono, ambalo ndilo tanga lake. Ya pili ni ubao. Ya tatu ni foili iliyofungwa chini ya ubao, nayo ni mlingoti wenye urefu wa kiasi cha sentimita 75 hadi 90, na mwishoni mwa mlingoti huo lipo bawa la maji, pamoja na kibawa kidogo cha nyuma. Mabaharia wetu watasamehe neno mlingoti kutumika kwa kitu kinachoelekea chini badala ya juu. Bawa la maji hufanya majini kazi ile ile ambayo bawa la ndege hufanya hewani: likipata mwendo wa kutosha, hunyanyua kila kilicho juu yake.

HESABU YA KUELEA

Ujazo wa ubao hupimwa kwa lita, na kwa kawaida tarakimu yake huandikwa juu ya ubao wenyewe. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1 na gramu 25 hivi. Kwa kanuni ya Archimedes, ubao wa lita 65 ukizamishwa wote unasukumwa juu kwa nguvu inayolingana na kilo 66 na nusu. Tarakimu hii ndiyo ya kulinganishwa na mzigo, na mzigo si mwili wa mchezaji peke yake.

Tuchukue mfano wa mtu mwenye uzito wa kilo 75. Ubao wake una kilo 5, foili kilo 5, bawa la mkono na kamba zake kilo 3. Jumla ni kilo 88. Foili nayo, kwa kuwa imezama, inajipunguzia kiasi cha kilo 2 na nusu. Zinabaki kilo 85 na nusu za kubebwa. Akichukua ubao wa lita 95 ataelea na ziada ya kilo 12 hivi, na huo ndio ubao wa mwanafunzi. Akichukua ule wa lita 65, kunapungua kilo 19, na kilo hizo lazima zibebwe na kitu kingine.

Kitu hicho ni mwili wenyewe. Mwili wa binadamu uliozama majini karibu hauna uzito, na miguu miwili ni kiasi cha theluthi ya uzito wote wa mtu. Kwa hiyo mchezaji wetu, akiwa amepiga magoti, atazama mpaka maji yafike sehemu ya juu ya mapaja, kisha atatulia hapo. Akijaribu ubao wa lita 45, kunapungua kilo 39 na zaidi, na maji yatampita kiuno. Hakuna ufundi unaoweza kuibadili hesabu hii. Anachoweza kukibadili mchezaji ni muda atakaokaa katika hali hiyo kabla ya kuondoka.

Mbao ambazo lita zake ni pungufu ya kilo za mpandaji ndizo ziitwazo za ujazo mdogo. Kwa mtu wa kilo 60, ubao wa lita 65 si wa ujazo mdogo. Kwa mtu wa kilo 90 ni mdogo sana. Msomaji asikubali kuambiwa kwamba ubao fulani ni mdogo au mkubwa pasipo kuulizwa kwanza uzito wake.

SEHEMU YA UPEPO

Yafaa kuuliza, basi, kwa nini mtu achague ubao unaozama. Jibu liko juu ya kichwa chake. Bawa la mkono likishikwa juu huvuta pia kuelekea juu, na nguvu ya upepo haifuati kasi yake moja kwa moja, bali hufuata kasi hiyo ikizidishwa kwa yenyewe. Bawa lenye mita 5 za mraba, katika upepo wa kilomita 36 kwa saa, hutoa kwa makadirio mvuto wa kilo 30. Upepo ukishuka hadi nusu yake, yaani kilomita 18 kwa saa, mvuto unashuka hadi robo: kilo 7 na nusu tu. Wala si mvuto wote unaokwenda juu, kwani sehemu kubwa yake inahitajika kumpeleka mtu mbele.

Tuzirudie sasa zile kilo 19 zilizopungua. Katika upepo wa kilomita 36 kwa saa, bawa linaweza kuchukua sehemu nzuri ya deni hilo, ubao ukapanda juu na safari ikaanza. Katika upepo wa kilomita 18 deni linabaki karibu lote, na mchezaji amekaa ndani ya maji akingoja. Ubao mdogo, kwa maneno mengine, umekopa kwa upepo, na upepo ukiondoka deni linamrudia aliyepanda.

Mkopo huo una faida yake. Ubao ukiwa angani ni mzigo mtupu. Ule mdogo ni mwepesi, haukamatwi sana na upepo, hugeuka haraka chini ya miguu, na katika mawimbi hufuata nia ya mchezaji kama kiatu kinavyofuata mguu. Jambo jingine ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba ubao uliozama wote hautingishwi na viwimbi vya juu, na wachezaji wazoefu husema wanapata utulivu zaidi wakiwa wamezama nusu kuliko wakiwa juu ya ubao unaopigwa kila upande. Hayo ni kweli. Lakini ni kweli ya mtu ambaye amekwisha kujua kuondoka kwa mara ya kwanza au ya pili, si ya yule anayehitaji mara kumi.

UMBO NDILO LINALOAMUA

Hapa tunafika kwenye kiini cha somo. Wanunuzi wengi husoma lita na kuishia hapo, ilhali mbao mbili zenye lita zile zile huweza kuwa vyombo viwili tofauti kabisa. Tuseme zipo mbao mbili za lita 65 zenye unene mmoja. Ya kwanza ni fupi na pana: urefu sentimita 145, upana sentimita 62. Ya pili ni ndefu na nyembamba: urefu sentimita 180, upana sentimita 50. Ukizidisha urefu kwa upana, ya kwanza inapata 8,990 na ya pili 9,000. Ni kama mbao sawa. Lakini uwiano wa urefu kwa upana katika ya kwanza ni chini ya mbili na nusu, na katika ya pili ni zaidi ya tatu na nusu.

Ili foili inyanyuke lazima ubao ufikie kwanza kasi fulani ukiwa bado juu ya maji. Kwa mzigo wa mfano wetu, bawa la maji lenye sentimita 1,500 za mraba linahitaji kiasi cha kilomita 13 au 14 kwa saa, na lile la sentimita 1,000 linahitaji 16 au 17. Kabla ya kufika huko, kila chombo kinachosukuma maji hujenga wimbi lake chenyewe na kulipanda kama mtu anayepanda kilima. William Froude, mhandisi wa Uingereza wa karne ya 19, alionyesha kwa kutumia vyombo vya mfano kwamba ukubwa wa kilima hicho umefungamana na urefu wa chombo. Kwa ubao wa sentimita 145 kilima kinaanza kuwa kikali kwenye kilomita 5 na nusu hivi kwa saa. Kwa ule wa sentimita 180 ni kwenye kilomita 6. Tofauti hiyo ni ndogo. Kubwa zaidi ni kwamba chombo chembamba hujenga wimbi dogo, hivyo kilima chake ni kifupi na hupandwa kwa nguvu chache.

Mafundi wa ngalawa hawakuhitaji kufundishwa hayo. Gogo la ngalawa ni jembamba mno kiasi kwamba peke yake lingepinduka. Matengo yake yamewekwa kila upande ili lipate utulivu bila ya kupanuliwa tumbo. Ubao mwembamba hauna matengo. Utulivu wake unatoka kwenye miguu na kiuno cha mchezaji, na gharama yake inaweza kuhesabiwa. Uwezo wa kitu kinachoelea kukataa kulala ubavu hufuata urefu ukizidishwa kwa upana mara tatu mfululizo. Ukifanya hesabu hiyo kwa mbao zetu mbili, ule mwembamba una kiasi cha thuluthi mbili tu za utulivu wa ubavuni wa ule mpana. Kwa upande wa kuinamia mbele na nyuma mambo yanageuka: mrefu unamshinda mfupi kwa mara moja na nusu. Na mara moja na nusu hiyo hiyo ndiyo uzito unaoongezeka wakati wa kuuzungusha angani, kwani ncha zake ziko mbali zaidi na miguu.

Tanbihi ndogo: hesabu za utulivu zilizotajwa ni za ubao ulio juu ya maji. Ubao ukiwa umezama wote, upana wake hauna tena kazi ya kuzuia kupinduka. Kinachomshikilia mchezaji ni mwili wake mwenyewe na ukinzani wa foili iliyo chini. Ndiyo maana mtu anaweza kutulia vizuri akiwa amezama, kisha akaanguka mara ubao unapoibuka. Kipindi hicho cha kuibuka na kuanza kuteleza hudumu sekunde chache tu, na ndicho kinachotofautisha umbo jema na baya.

Kwa muda wa miaka mitatu ya mwanzo mbao fupi na pana ndizo zilizotawala. Baadaye, hasa kuanzia mwaka 2022 na 2023, watengenezaji waliiga mbao ndefu nyembamba zilizokuwa zikitumika Hawaii kusafiri na mawimbi ya bahari kuu, wakazipunguza urefu ili zifae kwa bawa la mkono. Kwa maoni ya mwandishi, mabadiliko haya ndiyo yaliyomfaa zaidi mtu wa kawaida. Zamani aliyetaka kuondoka katika upepo mchache alilazimika kuongeza lita. Sasa anaweza kuacha lita pale pale akabadili umbo, naye akaondoka katika upepo ambao ubao mfupi wenye ujazo ule ule ungebaki umekaa.

Yapo mambo mengine ya kuangaliwa, nayo yataelezwa kwa ufupi. Tumbo la ubao liwe limenyooka katika sehemu kubwa ya katikati na nyuma, kwani kupinda kwa tumbo kunapunguza kasi. Lakini upande wa omo uwe umeinuka kidogo, ili ubao ukigusa maji kwa bahati mbaya uruke badala ya kuchoma. Kingo za chini zikichongwa mshazari, ubao hautanaswa na maji unapolazwa upande wa joshi. Zisichongwe kupita kiasi katika ubao ambao tayari ni mwembamba, maana hapo upana unaobaki majini ni mdogo kuliko ule ulioandikwa. Upande wa tezi uwe umekatwa wima na kwa ukali, ili maji yaachie.

Jambo moja halionekani kwa macho dukani, nalo ni mgawanyo wa unene. Ubao wa ujazo mdogo unapozama unatakiwa ubaki umelala sawa, au omo juu kidogo. Ikiwa watengenezaji wamejaza unene mwingi mbele, tezi itazama kwa uzito wa foili na omo itatoka nje ya maji kama kichwa cha kasa, na mchezaji atateleza nyuma kila mara. Kinyume chake kikitokea, ubao hupiga mbizi mara bawa linapovuta. Foili huweza kusogezwa mbele au nyuma katika reli zake, lakini nafasi hiyo ni ya sentimita chache na haiwezi kuponya ubao uliokosewa.

KINA CHA MAJI NA MASHAMBA YA MWANI

Suala hili halimo katika vitabu vya wauzaji, kwa kuwa wauzaji wengi wanatoka pwani zenye kina. Ubao unaoelea ukiwa na mlingoti wa sentimita 80 unahitaji maji ya kiasi cha sentimita 90 ili bawa la maji lisiguse chini. Ubao uliozama unaongeza hapo kina cha kuzama kwenyewe. Mchezaji wetu wa kilo 75 juu ya lita 65 anahitaji karibu mita 1 na sentimita 30. Akiwa juu ya lita 45 anakaribia mita moja na nusu. Kwa hiyo kila lita inayopunguzwa inamsogeza mchezaji mbali zaidi na ufukwe kabla ya kuanza, na inamlazimu kurudi mapema zaidi.

Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa katika visiwa vyetu hukaribia mita 4, na katika saa za katikati maji hushuka kiasi cha mita 1 kila saa. Anayeanza kwenye kina cha mita moja na nusu maji yakiwa yanatoka ana muda usiozidi dakika chache kabla ya ubao wake mdogo kukosa mahali pa kuzamia pale pale alipoanzia. Wakati wa maji mafu nafasi ni kubwa zaidi, na hizo ndizo siku za kujifunzia.

Aidha, kuanzia mwaka 1989 akina mama wa Paje na Jambiani, na baadaye wa vijiji vingi vingine, wamekuwa wakilima mwani katika maji hayo hayo ya ndani ya mwamba. Mambo na kamba zao huonekana maji yanapokupwa na hufichika yanapojaa. Bawa la maji lina makali. Likipita juu ya shamba lenye maji pungufu hukata kamba, na zao la wiki kadhaa huchukuliwa na mkondo. Mwenye ubao unaoelea anaweza kuchagua pa kuondokea kwa uhuru zaidi. Mwenye ubao unaozama, akianguka juu ya shamba, anazamisha foili yake katikati ya kamba na kubaki hapo akihangaika. Kwa hiyo kabla ya kuingia majini na ubao wa namna hii mchezaji anaombwa ayaone mashamba wakati maji yamekupwa, aulize mipaka yake kwa wenyewe, na achague njia yake kwa alama za nchi kavu kama mvuvi anavyofanya.

UBAO UPI UNUNULIWE

Kusi huvuma tangu Juni hadi Septemba, na kwa kawaida ndiyo yenye nguvu na uthabiti. Kaskazi hushika kuanzia Disemba hadi Machi. Baina yake ipo miezi ya tangambili, ambapo upepo hauna ahadi. Mtumishi anayetoka kazini saa tisa na nusu alasiri ana saa zipatazo mbili na nusu za mwanga baada ya kufika pwani, na hawezi kuagiza upepo wala maji. Mgeni aliyekuja kwa wiki mbili za Agosti alichagua ubao wake kwa ajili ya wiki hizo mbili. Mkaazi anachagua kwa ajili ya mwaka mzima.

Kwa mkaazi atakayekuwa na ubao mmoja tu, ushauri wa ukurasa huu ni kuchukua wenye lita sawa na kilo zake au zaidi kwa lita 5, na umbo refu la wastani: kwa mtu wa kilo 75, lita 75 hadi 80, urefu wa kiasi cha sentimita 175 hadi 185, na upana usiopungua sentimita 52. Ubao huo utazama kidogo anapopiga magoti, lakini si sana; utaondoka katika upepo ambao mfupi ungeukataa; na upepo ukifa, unaweza kulaliwa kifudifudi na kupigwa makasia ya mikono, pole pole, mpaka nchi kavu.

Kushuka chini ya kilo zako kwa lita 10 ni jambo la mtu ambaye katika majaribio kumi ya kuondoka juu ya ubao unaolingana na uzito wake anafaulu tisa, upepo ukiwa wa kawaida na si mkali. Akishuka, abaki na umbo refu. Kwa kadiri lita zinavyopungua ndivyo urefu unavyozidi kuwa na thamani, kwa kuwa ule mwendo wa kupanda kilima cha maji lazima ufanywe haraka, kabla ya mvuto wa bawa kupungua. Umbo fupi na pana lenye ujazo mdogo lina nafasi yake kwa wenye kupenda kuruka na kujizungusha angani katika upepo mkali. Basi awe nao kama ubao wa pili.

Kushuka kwa lita 20 au 30 chini ya uzito hakushauriwi kwa mtu anayecheza peke yake, awe hodari kiasi gani. Ubao wa lita 45 chini ya mtu wa kilo 75 haumfikishi popote upepo ukikatika. Atalala juu yake na sehemu kubwa ya mwili wake itakuwa majini, foili ikivuta nyuma, na ikiwa maji yanatoka kuelekea kwenye mlango wa mwamba, mkondo utakuwa na kasi kuliko mikono yake. Katika hali hiyo asiuache ubao na asilitoe hewa bawa lake. Bawa lililojaa linaelea na linaonekana kutoka mbali, na wenye ngalawa watalitambua kabla ya kukitambua kichwa cha mtu. Aondoke nchi kavu akiwa amevaa jaketi la kuelea, ameufunga ubao kwa kamba, na amemwambia mtu saa atakayorejea.

Mnunuzi wa ubao uliotumika asilipe kabla ya kuuingiza majini. Aufunge foili yake mwenyewe, au ile atakayouziwa pamoja nao, aende kwenye maji ya kifuani siku ambayo upepo ni mchache, na apige magoti juu yake bila bawa. Aangalie maji yanamfika wapi, na kama omo na tezi vinabaki sawa. Ahesabu mpaka thelathini. Ikiwa hawezi kukaa hesabu hiyo pasipo kupinduka baada ya kujaribu kwa nusu saa, ubao huo si wake kwa msimu huu. Kisha augeuze na kuukagua kwenye reli za foili na kandokando yake, maana hapo ndipo nyufa huanza; ubao wenye ufa hunywa maji, na maji yaliyoingia ndani hupunguza lita zilizoandikwa na kuongeza kilo ambazo hazikuandikwa. Kama kuna mizani karibu, aupime. Ubao wa lita 65 wenye uzito wa kilo 8 badala ya 5 uwe umekwisha kunywa, na muuzaji aulizwe.